Re: Natafiti maji ya ziwa, nitawafikiaje watu wa kawaida mtandaoni?

Daktari, umeuliza watu wa Kisumu utawafikiaje na utafiti wako wa maji ya Ziwa Victoria. Anza na swali wanalouliza wao, si lile la thesis. Enda ufuo wa Dunga asubuhi, chota yale maji ya kijani kwa glasi, rekodi video ya dakika moja uwaambie hii si gugumaji, ni sianobakteria (bakteria wa kijani wa majini), inanona na mbolea na maji taka yanayoletwa na mito, na zingine zinatoa sumu ya kudhuru ini inaitwa maikrosistini ambayo KUCHEMSHA HAKUITOI. Hapo watu watashtuka, maana wengi tumelelewa tukijua ukichemsha umemaliza.

Weka TikTok na Facebook sawa, lakini pia tuma voisi ya Kidholuo kwa magrupu ya WhatsApp ya BMU (vikundi vya kusimamia fuo za uvuvi) na ya kanisa, wamama wa samaki wengi hawana bando ya video. Halafu tafadhali ujibu komenti, hata zile kali, mtu akiuliza kama samaki ni salama na bado mnapima, sema tu bado mnapima, ukinyamaza uvumi utakuwa umefika Homa Bay. Ukishapost tuma link niipeleke kwa grupu letu la mtaa.