"Gari halichaji" haitoshi: kwa mnaoanza kazi ya hitilafu za kuchaji

Mwenye gari la umeme akifika kwako atakuwa na maneno mawili tu: gari halichaji. Ukiyaandika hivyohivyo ukampelekea mtengenezaji, utajibiwa sentensi ambayo mimi nimeshaikariri: "Tumekagua, hatukuona hitilafu." Wala hawasemi uongo. Kwao gari lilichaji vizuri, na hukuwaambia lilikataa wapi, lini na katika hali gani.

Nianze na kosa langu, maana ndilo mtakalotaka kulirudia. Wiki zangu za mwanzo niliunganisha kompyuta ya ukaguzi kwenye gari lililogoma kuchaji, nikakuta kodi 9 za hitilafu, yaani alama ambazo gari hujiandikia lenyewe likiona tatizo. Nikazifuta zote, nikalichomeka, likachaji. Nikajiona bingwa. Siku nne baadaye lilirudi limekokotwa. Nilipomwandikia mtengenezaji, aliniuliza: kodi zilikuwa zipi, na zilipojitokeza betri ilikuwa asilimia ngapi na joto nyuzi ngapi? Sikuwa na jibu. Kodi nyingi gari huzihifadhi pamoja na hali ilivyokuwa wakati ule: volti, joto, kilomita, kiasi cha chaji. Nilikuwa nimemfuta shahidi pamoja na ushahidi wake. Tangu siku ile nahifadhi ripoti nzima kwanza, napiga na picha ya skrini, na kodi sizifuti mpaka niwe na sababu ya kuzifuta.

Jambo la pili limenichukua miaka kulielewa vizuri, kwa hiyo msishangae nikilikalia. Hitilafu ya kuchaji ina washukiwa watatu: gari, chaja, na umeme unaoilisha chaja. Kila mmoja ana mwenyewe. Mtengenezaji wa gari atasema tatizo ni chaja. Wa chaja atasema ni gari. Wote wawili wakishikwa koo watasema ni nyaya za jengo. Mwenye gari anapigwa danadana miezi mitatu, mwishowe anachoka, na kuna watu ambao wangefurahi achoke. Swali lako la kwanza basi liwe: nani alikatiza? Chanzo cha ubovu kinaweza kusubiri.

Swali hilo lina jibu, kwa sababu gari na chaja huzungumza kabla ya umeme kupita. Kwenye plagi kuna waya mwembamba wa ishara ambao chaja huuwekea volti 12. Gari likichomekwa, huishusha ishara hiyo hadi volti 9, yaani "nimeunganishwa". Likiwa tayari kupokea, huishusha hadi 6, na hapo ndipo chaja hufunga swichi zake kubwa na umeme ukaanza kupita. Ishara yenyewe hupigapiga mara 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo huliambia gari linaruhusiwa ampea ngapi: pigo likichukua asilimia 10 ya muda wake ni ampea 6, asilimia 50 ni ampea 30. Pigo la asilimia 5 maana yake mazungumzo yaliyobaki yatafanyika kidijitali, kama ilivyo kwenye chaja za kasi za DC (zinazopeleka umeme mnyoofu moja kwa moja kwenye betri) za CCS, mmojawapo wa mifumo ya plagi za kuchaji kwa kasi.

Gari lililokwama kwenye volti 9 bado halijakubali kupokea. Pengine kufuli la plagi halikujifunga sawasawa (kifaa kidogo mno, lakini kimenipotezea siku nyingi kuliko betri zote nilizoshughulikia), au kuna saa ya kuchaji iliyopangwa na mwenye gari akasahau. Gari lililofika volti 6 na umeme usije, limeshatimiza lake, na lawama imehamia upande wa pili. Kuna vifaa vya majaribio vinavyojifanya gari ukivichomeka kwenye chaja, vikakuonyesha hatua ilipokwama. Kama huna, tumia njia ya kimaskini ambayo haijawahi kuniangusha: gari lilelile kwenye chaja nyingine, chaja ileile kwa gari jingine, kisha badilisha kebo. Fanya yote matatu siku moja, na uandike saa ya kila jaribio. Aliyefanya mawili kati ya matatu bado anapiga ramli.

Chaja nazo zina kumbukumbu. Nyingi za barabarani na maofisini hutuma taarifa zao kwa utaratibu uitwao OCPP, na katika toleo la 1.6 kuna hali mbili ambazo ukizikuta kwenye rekodi zitakuokolea wiki nzima ya mabishano: SuspendedEV na SuspendedEVSE. Ya kwanza inasema chaja ilikuwa tayari ila gari halichukui umeme. Ya pili inasema gari lilikuwa tayari ila chaja haitoi. Mwombe mwendeshaji wa chaja rekodi ya kikao husika kwa tarehe na saa. Atasita. Omba tena, kwa maandishi. Na hakikisha saa ya chaja na saa ya gari zinalingana, kwani nimewahi kubishana siku mbili nzima juu ya tukio ambalo kumbe lilikuwa matukio mawili, chaja ikiwa inahesabu saa kwa majira mengine.

Kabla hujamshtaki mtu, ondoa yasiyo hitilafu. Kuchaji kwa DC hupungua kasi betri ikikaribia asilimia 80, na ndivyo ilivyoundwa. Betri ya lithiamu ikiwa baridi, hasa chini ya nyuzi sifuri, gari hupunguza mkondo ili kuilinda. Kwenye AC, yaani umeme wa kawaida wa majumbani, kasi huamuliwa na kigeuza umeme kilichomo ndani ya gari. Niliwahi kupewa gari lililokuwa likipata kilowati 3.7 kwenye chaja iliyoandikwa 11, mwenyewe akiapa ameuziwa kimeo. Gari lilikuwa la fezi moja. Chaja ile hutoa ampea 16 kwa kila moja ya fezi tatu, nalo lilikuwa linachukua fezi yake moja kikamilifu. Kumweleza hayo bila kumfanya ajione mjinga ni ufundi wa aina yake, na sina uhakika nimeshaupata.

Lipo gari moja lililonifunza zaidi kuliko kozi zote. Lilikuwa linachaji vizuri dakika 20 hivi, kisha linajipunguza, kisha linakata. Nyumbani kwa mwenyewe kila siku, karakana ya mtengenezaji hata mara moja. Lilirudishwa mara mbili na lile jibu mnalolijua. Nilipolichunguza tundu la kuchajia kwa tochi niliona pini moja imebadilika rangi, kahawia kidogo, jambo ambalo ungelipita usipokuwa unalitafuta. Mguso uliolegea una ukinzani, na joto la ukinzani hukua kwa mraba wa mkondo: ukipunguza ampea nusu, joto linalozalishwa hushuka hadi robo. Nikamwambia mwenye gari ashushe mkondo kutoka ampea 32 hadi 16 usiku ule. Likachaji mpaka asubuhi bila kukata. Karakana nao, kumbe, walikuwa wanalijaribu kwa chaja ndogo ya ukutani ya ampea 16. Ndiyo maana hawakuwa wanaona kitu.

Hapo nikaacha kulalamika nikaandika upya. Taarifa inayofika kwa mhandisi wa kiwandani ina namba ya chesisi, kilomita, toleo la programu ya gari, aina na modeli ya chaja, aina ya plagi, tarehe na saa, asilimia ya betri mwanzoni na iliposimama, joto la siku hiyo, na kilichoonekana kwenye dashibodi kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa. Ambatanisha video ya taa za tundu la kuchajia, kwa sababu rangi na mapigo ya taa vina maana kwa aliyezibuni. Kisha eleza namna ya kuirudia hitilafu: "Ukichaji kwa ampea 32, kati ya dakika ya 18 na ya 25 itakata, kwa ampea 16 haikati." Sentensi moja ya namna hiyo huzidi kurasa tatu za hasira. Mwisho, taja unachotaka. Usiandike "tunaomba msaada wenu". Andika "tunaomba tundu la kuchajia lipimwe joto likiwa kwenye ampea 32, na tupewe matokeo kwa maandishi."

Neno moja la usalama na sitalirudia: kebo za rangi ya machungwa zina volti za kuua, mara nyingi 400 au 800, na mfumo hubaki na umeme kwa muda hata baada ya gari kuzimwa. Kama hujafundishwa kuuzima na kuuhakiki, mwisho wako ni kwenye kutazama na kuandika.

Msiidharau betri ndogo ya volti 12. Kompyuta za gari huamka kwa nguvu yake, na ikichoka, gari lenye betri kubwa iliyojaa linaweza kukataa kuchaji na hata kukataa kuwaka. Ila msiibadilishe tu mkaondoka. Ulizeni kwa nini imechoka. Mwaka 2024 mwezi wa Machi, Hyundai na Kia walitoa wito magari ya umeme yapatayo 147,000 nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya kifaa kiitwacho ICCU, kinachosimamia kuchaji na kuilisha betri ndogo. Kikiharibika, betri ndogo huacha kuchajiwa, na gari linaweza kupoteza nguvu likiwa barabarani. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo ukatoka wito mwingine, sasa wa magari zaidi ya 200,000, kwa kifaa kilekile. Fundi aliyekuwa akibadilisha betri ndogo na kumuaga mgeni wake kwa tabasamu alikuwa anafunika jambo ambalo kiwanda kilipaswa kulijua.

Kwa hiyo kila gari jipya mezani, ingiza namba ya chesisi kwenye orodha ya wito wa mtengenezaji kabla hujashika kifaa. Soma pia taarifa za kiufundi anazotoa kwa karakana zake, kwani nyingi hazifikii kiwango cha wito na mwenye gari hazijui. Mara nyingine utakuta "hitilafu" ni agizo lenyewe: wenye Chevrolet Bolt waliambiwa mwaka 2021 wasichaji zaidi ya asilimia 90 huku wakisubiri betri zao zishughulikiwe, kutokana na kasoro za seli zilizoweza kusababisha moto.

Mtengenezaji akinyamaza, panda ngazi kwa mpangilio: karakana, mwagizaji, kiwanda, na kila hatua idai namba ya shauri. Kama jambo linagusa usalama (joto, harufu ya kuungua, kuzimika mwendoni), lipeleke kwa mamlaka ya usalama wa magari. Marekani ni NHTSA, Uingereza ni DVSA. Mamlaka hukusanya malalamiko mpaka sura ya tatizo ionekane, na lako laweza kuwa ndilo lililokuwa linasubiriwa. Ila msilitumie kama fimbo ya kutishia kwenye barua ya kwanza. Mhandisi aliyekuwa upande wako atakabidhi faili kwa mwanasheria, na mwanasheria hajui pini ni nini.

Wakisema wametengeneza, ulizeni wametengeneza nini. Kama ni programu, toleo gani lilitoka na lipi limeingia. Kama ni kifaa, namba ya kifaa kipya. Muda wa dhamana uandikwe. Wakifunga shauri bila majibu hayo, lifungueni upya.

Lile gari la dakika 20 lilibadilishwa tundu la kuchajia mwezi wa tatu tangu barua yangu mpya. Sikulijaribu karakana. Nililifuata nyumbani kwa mwenyewe, kwenye chaja ileile, ampea 32, nikakaa saa mbili na kipima joto, na kila dakika kumi naugusa mpini wa plagi kwa mkono. Ulikuwa vuguvugu. Mwenye gari alitoka mara tatu kuuliza kama bado. Bado, nikamwambia, ngoja ipite dakika ya 25 kwanza, halafu ngoja ijae.