Jibu: Saa ya seva iko nyuma dakika 7 ingawa chrony iko hai

Habari mkuu. Kwa hiyo chrony, programu ya kusawazisha saa ya seva na seva za muda mtandaoni, inaonyesha "active", lakini saa imebaki nyuma dakika 7 na huoni ikisogea. Kuwa hai si kusawazisha. Anza na `chronyc sources`, tazama safu ya Reach. Ikiwa 0, hakuna jibu linalofika. 377 maana yake maombi manane ya mwisho yote yamejibiwa. Mimi nilihangaika siku nzima na faili la mipangilio, kumbe jamaa wa mtandao kafunga UDP 123, mlango wa mtandao ambao maombi ya saa hupitia. Ping ilikuwa inapita vizuri kwa kuwa haitumii mlango huo, na ndiyo iliyonipoteza.

Ukikuta 377, huenda inasogea taratibu: mstari wa `makestep 1.0 3` kwenye faili la mipangilio unaruhusu saa kuruka katika masahihisho matatu ya kwanza tu, baada ya hapo inavutwa kidogo kidogo. Piga `chronyc makestep` iruke papo hapo, ila kama kuna hifadhidata inayoandika, isimamishe kwanza. Hukusema kama ni mashine pepe. Kama ndiyo, zima usawazishaji wa saa unaotoka kwenye mashine mama, la sivyo vitavutana. Weka hapa matokeo ya amri ya kwanza tuone.