Chakula cha shule Minnesota, Marekani: fomu bado ijazwe?

Dada, umeuliza kama fomu ya shule ya kueleza kipato cha familia bado ina kazi, maana mbunge wenu wa jimbo kasema chakula cha shule ni bure. Ijaze. Sheria aliyosaini Gavana Tim Walz Machi 2023 inampa kila mwanafunzi kifungua kinywa kimoja na chakula cha mchana kimoja kwa siku, bila kuulizwa kipato, katika shule zilizo kwenye mpango wa kitaifa wa chakula cha shule. Sahani ya pili hulipiwa; hata maziwa peke yake, mtoto akija na chakula cha nyumbani. Ila fomu huisaidia shule kupata fedha za ziada kwa watoto wa kipato cha chini. Wazazi wengi wageni wanaiacha, na inauma.