Ondoa jina, uone kinachobaki

"Shikamoo shangazi. Hivi ile gemu yako ya Star Wars ni nzuri kweli, au inabebwa na jina?"

Ujumbe huu ulinikuta Jumapili usiku, umetoka kwa mtoto wa kaka yangu aliye chuo Morogoro. Boom, yaani hela ya mkopo wa chuo, limeingia, kompyuta anayo, na kabla hajamaliza bando lake kupakua gemu yenye makumi ya GB anataka kujua kama kilichomo ndani kinalingana na sifa za nje. Nilimjibu marahaba, nipe siku mbili. Nimeona bora nijibu hapa hapa, maana si yeye tu. Swali hili naulizwa mara kwa mara, na kila anayeliuliza yuko mbioni kutoa hela.

Gemu yenyewe ni Star Wars: The Old Republic, yenye jina la zile filamu za vita vya anga za juu, kazi ya studio ya BioWare, iliyotoka tarehe 20 Desemba 2011. Ni gemu ya mtandaoni ya kuigiza mhusika: unaunda mtu wako, unampandisha ngazi, unapita naye sayari hadi sayari pamoja na wachezaji wengine kutoka kila pembe. Nimeicheza tangu 2019. Jibu langu ni kwamba ndiyo, inaliegemea jina lake kupita kiasi, ila si kila mahali. Pale ilipoliachia jina na kusimama yenyewe, imefanya kazi ambayo mimi sijaikuta kwingine. Tatizo ni kwamba mchezaji mgeni huingilia mlango wenye jina, anachoka, anaondoka kabla hajafika kwenye uhondo.

Ndivyo ilivyotaka kunitokea mimi. Star Wars niliijulia kwenye banda la video, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, mtafsiri akipaza sauti juu ya sauti ya filamu. Darth Vader, adui mkuu wa filamu zile, utotoni mwangu alizungumza Kiswahili cha mtaani kwetu, na nilimwogopa usiku kucha. Kwa hiyo nilipofungua akaunti sikusita. Nilichagua Jedi, shujaa mwenye nguvu za miujiza, upanga wa mwanga mkononi, nikaenda kutafuta utoto wangu.

Niliukuta, na ndipo shida ilipoanzia. Hadithi ya gemu hii imewekwa zaidi ya miaka 3,000 kabla ya filamu. Hebu tuipime miaka hiyo kwa vitu vyetu. Miaka 3,000 iliyopita hapakuwa na Kilwa wala Lamu, na lugha hii ninayoiandika ilikuwa haijazaliwa. Sasa ingia Tatooine ya kwenye gemu, ile sayari ya jangwa ya filamu: viumbe wafupi wa Jawa ni wale wale wenye kofia na macho ya kung'aa, Watu wa Mchanga ni wale wale, vibanda ni vile vile vya udongo. Maofisa wa Dola, utawala wa kibabe wa hadithi hizi, wamevaa sare za kijivu kama za filamu na wanaongea kwa lafudhi ile ile ya Kiingereza cha Uingereza. Mfanya magendo amepewa meli inayofanana mno na ile maarufu ya Han Solo wa filamu, na mmoja wa wenzake ni Wookiee, jitu la manyoya kama rafiki yake Han Solo. Jedi anapewa roboti mdogo wa magurudumu anayeongea kwa milio. Miaka elfu tatu, na hakuna aliyebadilisha hata mshono wa kanzu! Waliokwenda mbali hivyo nyuma walikuwa na nafasi ya kubuni ulimwengu mzima upya, na nafasi hiyo waliiacha ili mgeni asijisikie mgeni.

Hata hadithi ya Jedi Knight, ambayo wengi huanza nayo, sura yake ya kwanza ni kuwinda silaha za maangamizi moja baada ya nyingine, hadi ile inayoiangamiza sayari ya Uphrades. Kwa aliyeziona filamu, hapo hakuna jipya.

Wakati huo ndipo nilipoanza zoezi ninalolifanya hadi leo, na ndilo la kwanza ninalomshauri kijana wangu. Nikishacheza gemu mpya jioni tatu nne, namsimulia mtu asiyejua lolote kuhusu jina hilo, na ni marufuku kwangu kutaja kitu chochote cha filamu. Msikilizaji wangu ni dada yangu, kwa kawaida akiwa jikoni. Siku ya Jedi nilimwambia: nilitafuta silaha ya kuteketeza sayari, nikaiharibu, kisha nikaambiwa ipo nyingine. Aliendelea kusukuma maandazi. Alichosema ni, "Haya, kisha?" Sikuwa na kisha.

Miezi miwili baadaye nilimsimulia mhusika wangu wa pili, mpelelezi wa Dola, Imperial Agent. Hapa nitampunguzia kijana utamu kidogo, anisamehe. Unatumwa Hutta, sayari chafu ya majambazi, ukijifanya mtu mwingine, jambazi mwenye sifa zake, ili umvute bosi mmoja aiegemee Dola. Hakuna upanga wa mwanga. Huna nguvu za miujiza, na wakubwa wako wenye nguvu hizo wanakuona kama kitambaa cha kufutia meza. Unafanya kazi kwa uaminifu. Halafu, katikati ya safari, unagundua kwamba watu wako mwenyewe wamekupandikizia neno kichwani. Mtu akilitamka, huna hiari tena. Kwenye skrini chaguo za majibu zinaonekana kama kawaida, unachagua la kukataa, na mhusika wako anatii. Gemu imekunyang'anya kile kile kitufe ulichokitegemea tangu siku ya kwanza.

Dada aliepua karai, akageuka. "Wakubwa zake wenyewe?"

Hapo nikajua. Ukimpa hadithi hiyo nguo za nchi yoyote, za karne yoyote, inasimama. Inahusu mtu anayeitumikia serikali inayomdharau, na hilo halihitaji filamu yoyote kulielewa.

Kuna mengine ya namna hiyo. Voss ni sayari iliyobuniwa kwa ajili ya gemu hii. Watu wake wanaongozwa na waonaji ambao maono yao hayapingwi, na pande mbili kubwa za vita zimekuja kuwabembeleza kwa sababu Dola ilijaribu kuwavamia ikashindwa. Kutembea Voss ni kuwa ugenini kwelikweli, kila adabu unajifunza upya. Na upo Huttball, mchezo wa timu mbili kupokezana mpira juu ya madaraja yenye moto na mitego hadi mstari wa wapinzani. Neno la kwanza la jina lake limetoka kwenye filamu, basi. Ungeuita mchezo wa daraja la moto, watu wangeucheza vile vile.

Nalisisitiza hili kwa sababu historia ya gemu yenyewe inaonyesha jina linaweza nini na haliwezi nini. Ndani ya siku tatu za mwanzo ilipata wachezaji milioni moja waliosajiliwa. Hiyo ni kazi ya jina, na tusilidharau. Mapema 2012 waliokuwa wakilipia walifika milioni 1.7, na ilipofika Mei walikuwa wameshuka hadi milioni 1.3. Novemba mwaka huo huo ikabidi ifunguliwe bure. Kilichotokea si fumbo. Studio ilirekodi sauti za waigizaji kwa zaidi ya mistari 200,000 ya mazungumzo, kazi ya miaka, na mchezaji mwenye bidii aliimaliza hadithi yake kwa wiki chache. Akifika ngazi ya juu alikuta mambo ya kufanya ni machache. Jina lilimleta hadi mlangoni, likamkaribisha kiti, lakini halikuwa na chakula cha kumtengea kila siku.

Kabla yake kulikuwa na gemu nyingine ya mtandaoni, Star Wars Galaxies, ya mwaka 2003, na kisa chake kinaniuma ingawa sikuicheza ilipokuwa hai. Humo hukuwa shujaa wa filamu. Ulikuwa mwananchi. Karibu kila silaha, nguo na nyumba ilitengenezwa na mchezaji mwingine, kwa malighafi ambazo ubora wake ulibadilika na ambazo zilikwisha na kuibuka kwingine. Mtu aliweza kuwa mcheza ngoma wa baa, na askari waliotoka vitani walikuwa wakimhitaji, maana uchovu wao wa vita uliondoka kwa kumtazama. Wachezaji walijenga miji na kuchagua mameya. Kuwa Jedi kulikuwa nadra mno. Novemba 2005 wenye gemu wakaifumua: fani nyingi zikafutwa, zikabaki chache zilizofanana na wahusika wa filamu, na Jedi akawa chaguo la kila mtu tangu siku ya kwanza. Walidhani watu wanataka kuwa mashujaa wa filamu. Kumbe waliokuwa ndani walitaka duka lao, mji wao, jirani zao. Wengi waliondoka, na gemu ilifungwa tarehe 15 Desemba 2011, siku tano kabla ya The Old Republic kutoka. Wapo mashabiki ambao wameijenga upya ile ya mwanzo kwenye seva zao wenyewe na wanaicheza mpaka leo. Ukitaka kuona kitu kinachobaki jina likiondoka, ni hicho.

Na wasiodhani kwamba jina kubwa linaweza kuanguka waiangalie Final Fantasy XIV, nayo gemu ya mtandaoni. Jina hilo lilikuwepo tangu 1987. Gemu ilitoka Septemba 2010, ikawa mbovu kiasi kwamba kampuni iliomba radhi, ikamkabidhi mtengenezaji mwingine, Naoki Yoshida, kazi, hatimaye ikaizima kabisa na kuijenga upya hadi Agosti 2013. Yoshida mwenyewe alieleza kwamba chungu cha maua cha mapambo kilikuwa kimechorwa kwa wingi wa maumbo sawa na mhusika mzima. Jina la Final Fantasy lilisifika kwa picha nzuri, basi watu wakalitumikia jina kwa kutia nakshi kwenye vyungu huku mchezo wenyewe ukikwama. Sijui mfano ulio wazi kuliko chungu hicho.

Mimi pia jina limeshanigharimu. Niliwahi kulipia miezi sita kwa mpigo gemu nyingine, sitaitaja, kwa sababu tu ilibeba jina la katuni niliyoipenda. Wiki ya tatu nilikuwa nikiua kiumbe yule yule aliyebadilishwa rangi, nikipewa kofia ya mhusika ninayemjua kama zawadi. Hela haikurudi. Tangu hapo nalipia mwezi mmoja mmoja, hata kama wa jumla una nafuu.

Kwa hiyo, mwanangu, usilipe chochote mwanzo. Hadithi zote nane za awali za The Old Republic, moja kwa kila aina ya mhusika, unazicheza bure. Anza na mpelelezi. Najua unamtaka Jedi, lakini mwache awe wa pili, ukishaizoea gemu na kuyaona mazuri yake hatakuchosha. Usikimbilie duka la ndani ya gemu. Mavazi na panga za mwanga za humo ndizo sehemu inayouza jina peke yake, na zitakungoja. Ukishafika ngazi ya juu, kaa jioni moja bila kufanya misheni, soma tu wanachoandikiana watu: wanakusanyana kwenda mahali, au wanauziana nguo? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama dola 14.99 za mwezi zina maana kwako. Kwangu zina maana miezi ambayo gildi yetu, kikundi chetu cha wachezaji, inakutana, na miezi mingine nazipumzisha bila kinyongo.

Kuhusu mtandao, cheza seva ya Ulaya, Darth Malgus. Kwangu pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi kwenye seva, inazunguka milisekunde 180 hadi 220, na kwa hadithi inatosha kabisa. Kwa Huttball utapigwa kidogo mpaka uzoee kurusha mpira mapema. Pakua usiku.

Haya nilishamdokezea kwa ujumbe, na jana amenijibu. Mpelelezi ameshamuunda na amempa jina la baba yangu, ambaye ni babu yake. Yuko Hutta, na ameniuliza kama yule bosi wa majambazi ni wa kuaminiwa. Sijamjibu. Jumamosi saa sita usiku, bando likifunguka, nitakuwa namngojea Dromund Kaas, sayari kuu ya Dola, nje ya kituo cha meli, pale ambapo mvua haikatiki.