Mbu wa Msimbazi na wa Kigamboni watatofautianaje wakati wanaruka?

Wanaweza kabisa, ndugu. Umeuliza watatofautianaje kijeni wakati wanaruka na kuchanganyika. Cha kuangalia si umbali peke yake, ni wageni wangapi wanaingia ukilinganisha na wangapi wanaokufa kabla ya kuzaa. Vifo vikizidi, tofauti inabaki hata kwa kilomita chache.

Bustani za mchicha na matembele kwenye bonde la Msimbazi hupigwa dawa, nyingine za jamii ya pairethroidi, zilezile zinazowekwa kwenye vyandarua. Mvua ikinyesha, mabaki yake yanateremka kwenye madimbwi yenye viluwiluwi. Mbu mwenye badiliko liitwalo kdr, herufi moja tu ndani ya jeni inayotengeneza mlango wa sodiamu kwenye neva, dawa haimshiki sawasawa. Anataga, mwenzake anakufa. Na kizazi cha mbu ni wiki chache tu, kwa hiyo mambo huenda mbio.

Ila mfano ninaoupenda uko California: Timema cristinae, mdudu kama kijiti, hana mabawa. Wenye mstari mweupe mgongoni hujificha vizuri kwenye kichaka cha majani membamba kama sindano, wasio na mstari kwenye majani mapana. Vichaka hivyo wakati mwingine vinagusana! Anayekosea kichaka, ndege wanamdonoa. Hata hivyo wahamiaji hawakomi kuingia, ndiyo maana kila kichaka utakuta wachache wasiofanana na wenyeji.