Jopo likikwama haimaanishi kaachiwa huru

Hapana ndugu yangu, umeuliza kama jopo, yaani wale raia wanaokaa mahakamani kuamua kama mtu ana hatia, likishindwa kukubaliana mtuhumiwa ndo basi anaenda zake nyumbani, haiko hivyo. Kule Marekani kwenye mauaji wajumbe wote wa jopo, kwa kawaida 12, lazima wawe kauli moja, hakuna cha wengi wape, na wakikwama jaji kwanza anawarudisha chumbani wajadiliane tena, wakishindwa kabisa ndo kesi inavunjwa na waendesha mashtaka wanaweza kuianza upya na jopo lingine. Cheki ya Michael Slager, yule polisi wa South Carolina aliyempiga Walter Scott risasi za mgongoni 2015, video ipo dunia nzima imeona, bado Desemba 2016 jopo likakwama na kesi ikavunjwa. Iliuma sana aisee, familia ya Scott imekaa siku kadhaa inasubiri halafu inaambiwa hakuna jibu. Lakini 2017 Slager akakiri kosa mahakama ya shirikisho, ile ya serikali kuu siyo ya jimbo, kwamba alivunja haki za kiraia za Scott akala miaka 20, shtaka la mauaji la jimbo likafutwa kwenye makubaliano hayohayo. Kwa hiyo jopo likikwama msikate tamaa mapema, subirini.