Picha za chukudu haziuziki: anzia kwenye maneno

Ndugu, unasema picha zako 40 za chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ziko Adobe Stock, tovuti ya kuuza picha, miezi mitatu bila mnunuzi, na kila moja umeiandikia maneno ya utafutaji "Goma, Kongo, Afrika". Tatizo ni hilo. Mnunuzi wa mbali haijui chukudu. Anatafuta anachotaka kukiona: baiskeli ya mbao, magunia ya makaa, kijana anasukuma, njia ya mawe meusi ya volkano. Yaandike kwa Kiingereza, "chukudu" ikiwemo. Nafasi za maneno ni 49, lakini 10 za kwanza ndizo zenye uzito, kwa hiyo yaliyo muhimu yatangulie. Ziwa Kivu halionekani pichani? Usiandike Kivu. Na kama sura ya msukumaji inatambulika, mpe kwanza fomu ya idhini atie saini, la sivyo picha hiyo haitafaa kwa matangazo.